Kikohozi cha Jukwaa Namba Mbili

Jumatatu, 3 Machi
Siku mbaya. Meneja wa stesheni katuita ofisini, uso wa mtu aliyeshinda bahati nasibu. Kasema treni zitatangazwa na akili bandia. Haichoki, haiombi likizo, haiugui mafua. Alipotaja mafua akanitazama mimi. Miaka kumi na tisa nimetangaza treni hapa, anachokumbuka ni mafua!

Ila mashine haina sauti. Itajifunza yangu. Natakiwa kusoma sentensi mia sita kwenye kipaza sauti, kisha "tutaangalia nafasi yako". Maneno hayo nayajua, ndiyo aliyoambiwa mlinzi wa geti kabla ya kuondoka.

Mkatisha tiketi kaniambia nisijali, watu huondoka na sauti hubaki. Huyu mama kanichukia tangu nilipoutangaza mwavuli wake kuwa mali iliyopotea.

Jumanne, 4 Machi
Mke wangu kauliza kwa nini sili. Nikamwambia ukweli: naogopa. Nina miaka hamsini na moja, na ninachojua ni kusema treni inaingia jukwaa namba mbili. Nani anaajiri hilo? Akanisogezea sahani, akasema tutaishi. Bora angelia.

Lakini nimepata mpango. Mpango wa maana! Mashine inaiga kila inachosikia. Basi nitailisha uchafu. Nitakohoa. Nitavuta pumzi katikati ya jina la kituo. Wakiisikia mara moja wataitupa, nami nitarudi kitini kwangu. Mjinga akierevuka, mwerevu yupo mashakani.

Alhamisi, 6 Machi
Mia sita zimekwisha. Nimekohoa mpaka mbavu zinauma. Treni ya alfajiri nimeipigia mwayo. Ile inayochelewa kila siku nimeisomea: jamani, tuvumiliane kidogo, inakuja. Hayo hayamo kwenye karatasi. Ndiyo ninayosema siku zote nikiona watu wameanza kutazama saa.

Fundi wa kompyuta, dada mpole mwenye miwani, hakunikatiza hata mara moja. Kaniletea maji ya moto. Nikamwonea huruma, kazi yake yote inaharibika na mwenyewe hajui.

Mkatisha tiketi kapita mlangoni, akasema kikohozi hicho kinanuka ujanja, na mchimba kisima huingia mwenyewe. Nikamwambia akauze tiketi.

Jumatatu, 10 Machi
Mashine imeanza kazi leo. Nilijificha nyuma ya kibanda cha magazeti ili nione aibu yao.

Ikakohoa. Nikafurahi! Mzee mmoja mwenye begi la turubai akamwambia mwenzake kwamba maskini, mtangazaji leo kaja na mafua. Kisha treni ikachelewa. Mashine ikasema: jamani, tuvumiliane kidogo, inakuja. Watu wakacheka, wakakaa. Mama mmoja akamshusha mwanawe mgongoni, akatulia.

Hakuna aliyegeuka kutazama chumba changu. Nimesimama pale nina koo, nina ulimi, na sina la kusema. Iliniuma sana.

Jumatano, 12 Machi
Meneja kaniita, furaha tupu. Stesheni nyingine ilipata mashine inayosoma kwa ufasaha kupita kiasi, abiria wakaichukia, ikazimwa. Yetu inapendwa. Fundi naye kasema alisikia kila kikohozi na kuviacha vyote makusudi, maana humo ndimo mlimo na uhai. Ningesoma vizuri, angeshindwa. Nimejipalia makaa kwa mikono yangu! Kazi yangu inakwisha mwisho wa mwezi.

Nyumbani, mama yangu tunayeishi naye hayupo. Mke wangu kasema kaenda stesheni kukaa tu. Nikamfuata, nikamkuta kwenye benchi, anasikiliza. Nikamwambia, mama, yule siye mimi. Akasema: najua, mwanangu. Ila yule ananiomba nivumilie kidogo, nawe tangu Jumatatu hujanisemesha neno. Nikakaa naye mpaka treni tatu zikapita.

Ijumaa, 14 Machi
Mambo mawili kwa mpigo. Meneja anatafuta mtu wa kukaa jukwaani, kuongoza abiria na kuzungumza nao, ana kwa ana. Mkatisha tiketi, sijui kapatwa na nini, kanitaja mimi. Jibu linatakiwa leo kabla ya saa kumi. Mke wangu kasema nikubali haraka, mama kasema hivyo hivyo.

Na fundi kaleta barua: stesheni kumi na moja zinataka sauti yangu, nirekodi upya, sentensi elfu mbili.

Ya jukwaani nimeikataa. Kuhangaika na mabegi ya watu ya nini, nami mpango ninao? Safari hii sikohoi. Nitasoma kwa ufasaha, kila herufi mahali pake, bila hata pumzi. Abiria wa stesheni kumi na moja wataichukia kwa siku moja, na wote wataniita! Nimeanza mazoezi bafuni. Mke wangu kagonga mlango, kauliza naongea na nani humo. Sikumjibu, nailinda sauti.