Chumba Nilichomchagulia Mama

Leo nimeadhirika, jamaa zangu. Mtaa mzima wa hapa Sur, Omani, ni shahidi.

Tangu jana wanatangaza kimbunga. Asubuhi dada yangu akapiga simu kutoka Maskati: "Tafuta chumba salama humo ndani, unitumie picha. Ukikosa, nakuja kumchukua Mama, na safari hii harudi."

Mama alisikia. Alishika tu tendegu la kitanda chake. (Mimi nimehama miji mingi kuliko paka. Yeye tangu atoke Unguja ana nyumba hii moja.)

Nikaanza kukagua. Stoo? Iko chini, maji ya wadi, ule mto mkavu wa jirani, yataanzia humo. Chini ya ngazi? Magoti ya Mama hayakunjiki. Choo cha ndani! Kuta nene, hakina dirisha!

"Mauti yanikute chooni?" akauliza Mama. "Hebu taka radhi."

Ikabaki majlisi, sebule ya wageni wanaume, yenye mlango wake wa barabarani. Zege tupu, imeinuka, madirisha madogo. Nikajiona mhandisi.

Viti vilijaa mno, nikavitoa nje, nikavipanga ukutani. (Nilivipanga vizuri. Ole wangu.) Kitanda cha Mama hakikupita mlango wa ndani, basi mimi na dereva wa jirani tukakizungusha barabarani, kimebeba godoro, mabunda ya nguo na dawa za Mama. Nilikuwa nimekifunika kwa shuka jeupe, vumbi lisiingie. Tulikwenda taratibu, tusiangushe hizo dawa. Mama alipitia ndani kwa mkongojo wake. Akasema upepo unamtisha, nimwekee Kurani kwenye simu yake. Nikaweka. Sauti juu.

Nikatoka kumpigia Dada picha. Naona wanaume wanakuja, kanzu zinapepea, vilemba wamevishika kwa mkono. Nikafikiri wamesikia nina chumba madhubuti, wanaomba hifadhi. Nikasimama mlangoni, nikampa mkono kila mmoja, nikamwonyesha kiti!

Mzee Saidi, jirani yetu aliyekulia Pemba, akanikumbatia. Machozi yanamtoka. "Adhama Llahu ajrak, mwanangu."

Hayo huambiwa mfiwa.

"Ami, kafa nani?"

"Subira, mwanangu. Subira."

Hapo Mama akatokeza mlangoni. "Nyinyi! Kimbunga kinakuja, mmekaa nje mnamngoja nani?"

Mmoja aliangusha tasbihi.

"Tunakungoja wewe, Bi Zuena," akasema Mzee Saidi kwa sauti ndogo.

"Mimi siendi pahala," akajibu Mama.

(Ardhi haikupasuka. Niliisubiri.)

Simu ikalia. Dada. Mtu alikwisha kumpelekea rambirambi, naye Dada analia hata maneno hayatoki. Nikaweka spika, nikampa Mama.

"Mzima mimi. Ndugu yako alikuwa anahamisha godoro, wanaume wa mtaa wakaja kunizika."

Dada akalia tena, kisha akacheka. "Mama, hao watu wamekuja kwenye upepo huo?"

"Wote. Na mwenye mguu mbovu kaja."

"Huku kwangu jirani hanijui jina." Akashusha pumzi. "Basi kaa hapo hapo, Mama."

Mvua imeanza sasa. Wanaume wamo majlisi na Mama, wanakunywa kahawa ya matanga yake mwenyewe. Mimi nimebanwa mlangoni, nafasi imekwisha.

Naomba msinicheke. Na mliokwisha kupika wali wa msiba, leteni tu, marehemu anauliza uko wapi.