Chuma Kilichokaidi Kompyuta Yangu

Kitengo cha Uimara wa Nyambizi,
Port Adelaide.
Alhamisi.

Ndugu Mkurugenzi Athol Penhall,

Nakusalimu kwa heshima kutoka ofisi ya tatu baada ya yako. Ningeweza kuja mwenyewe, lakini nimedhalilishwa vya kutosha kwenye korido ile.

Mezani kwako kuna cheti nilichokiandaa, kinachoruhusu nyambizi yetu kuukuu kuzama Jumatatu hadi kina kilekile ilichozama ilipokuwa mpya. Kinangoja saini yako tu. Kimekwamishwa na Dakta Marlene Schirmer wa chumba cha majaribio, pamoja na chuma chake. Nawalalamikia wote wawili.

1. Mafundi walipokata gamba la nyambizi ili kutoa injini, Dakta Schirmer alikusanya mabaki, akayachonga vipande vidogo kama vidole, akavigandisha kwa baridi, kisha akavipiga kwa ile nyundo yake kubwa inayobembea. Vilivunjika kirahisi mno kuliko modeli yangu ya kompyuta ilivyoagiza. Tazama utovu wa adabu huo! Modeli ilikuwa imekwisha kukamilika na kupigwa muhuri.

2. Isitoshe, amepima chuma kizee. Mtu akichukua chuma kilichokaa baharini tangu nilipokuwa na nywele kichwani, anategemea nini? Modeli yangu inatumia vipimo vya siku kilipotoka kiwandani, kikiwa na afya yake, na majibu yake yanapendeza. Nilimshauri kiungwana apime chuma kipya, tumalize kazi mapema. Akanijibu wakati wa chai, mbele ya watu, keki yenye umbo la chura ikiwa mdomoni: "Lindsay, mwenzangu, hiyo nyambizi yako ya kwenye kompyuta haivunjiki kwa sababu haijawahi kulowa!" Watu wakacheka. Nawe ulicheka, Ndugu Mkurugenzi. Iliniuma.

3. Anadai gamba limebonyea mahali fulani, si duara tena. Katika modeli yangu ni duara kamili. Baina ya duara kamili na duara lililobonyea, taasisi inayojiheshimu itachagua lipi? Yeye alitambaa chini ya nyambizi na kipimo mkononi, akatoka na kutu kwenye nyusi, anatamba kama aliyejifungua mapacha.

4. Kuhusu hiyo kutu: nimeikagua modeli yangu yote. Haina.

5. Tangu Jumanne, kila anayepita mlangoni pangu hupiga meza na kusema "Pa! Kipande kingine hicho kimevunjika, Daktari!" Sijui taaluma hii inaelekea wapi, ikiwa mtu mwenye hesabu safi anachekwa na watu wanaovunja vitu.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Nyundo ifungwe mnyororo hadi itakapojifunza kukubaliana na wenzake. Chuma kipewe barua ya onyo, na kikivunjika tena kabla ya wakati wake, kifikishwe mbele ya kamati ya nidhamu. Nahodha aelekezwe kuzama katika modeli yangu badala ya kule chini, kwani humo hajawahi kulalamika baharia hata mmoja. Na bahari nayo ipelekewe nakala ya cheti, ijue mwisho wake wa kukandamiza ni wapi.

Nisalimie mama watoto, Beryl, na wote wa ghorofani. Dakta Schirmer usimsalimie.

Wako mtiifu katika hesabu zisizo na kutu,

Dkt. Lindsay Trevorrow,
Mkuu wa Modeli.

Tanbihi: Nilikuwa nimeshafunga bahasha, nimeifungua. Binti yangu Tamsin, unajua ni baharia, amenipigia simu sasa hivi. Amehamishiwa nyambizi hiyo na Jumatatu anazama nayo. Nikamwuliza kama haogopi. Akacheka: "Niogope nini, Baba? Nimeshawaambia wenzangu walale usingizi, baba yangu ndiye aliyepiga hesabu." Athol, nisikilize. Usisaini. Nakusihi, usisaini. Bado kuna vipande ambavyo havijapigwa. Mwambie Marlene avivunje vyote, nami nakwenda sasa hivi kumshikia vipande.