Ng'ombe Mmoja, Mwenye Pembe Ndefu

Avit Karugendo,
Bwana Shamba Mstaafu,
Buganguzi, Muleba.
14 Novemba 2025.

Bi. Edvina Karugendo,
Mwalimu Mstaafu na Mfinyanzi wa Sanamu Ndogo,
Nyanga, Bukoba.

Dada Edvina,

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA NG'OMBE WAKO WA UDONGO ALIYEPOKELEWA KWANGU KAMA MAHARI, PAMOJA NA DUME NA NDAMA WALIOFUATA

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na afya na umeketi, maana ni ndefu na ningependa uisome hadi mwisho. Sisi huku ni wazima, kahawa imekauka vizuri, na goti la Jovita linaendelea kupata nafuu.

Najua utauliza kwa nini nakuandikia wakati una simu. Nimepiga mara nne, na mara zote nne umeniambia una udongo mikononi. Kwa hiyo naandika. Na kwa kuwa nakala za barua hii zinakwenda kwa watu wengine, itabidi nieleze hata yale unayoyajua kuliko mimi. Univumilie.

Kwanza niseme wazi kwamba sina ugomvi na kazi yako. Ulipostaafu ualimu ukaanza kufinyanga kuku, korongo na akina mama wenye mikungu ya ndizi kichwani, nilikuwa wa kwanza kukusifu. Maganda ya kahawa unayochomea sanamu zako yanatoka kwangu, na sijawahi kuyanung'unikia. Niliposikia kwamba wageni wanasimama kwenye meza yako kule ufukweni na kuondoka na kuku kwenye mifuko ya koti, nilifurahi kama ndugu. Nilidhani kazi hiyo itabaki mezani. Haikubaki, na ndiyo maana ninalalamika kama ifuatavyo:

1. Kuhusu kupokelewa kwa ng'ombe. Binti yangu Annastella, ambaye wewe ni shangazi yake, alipochumbiwa na Derick, mtoto wa Mzee Kahangwa wa Rubafu, mimi mwenyewe niliandika orodha ya mahari na kumkabidhi mshenga, Mzee Rutashobya. Kanzu ya babu, blanketi la bibi, majembe, pombe ya ndizi ya lubisi na kadhalika, hadi kipengele cha saba: "Ng'ombe mmoja, mwenye pembe ndefu, mwenye afya." Kibanja changu kimechoka, migomba inazaa mikungu ya aibu, na nilihitaji samadi. Nilikuwa nimeshajenga banda.

Jumamosi ya tarehe 16 Agosti wageni walifika. Tukawapa kahawa ya kutafuna, wakaanza kukabidhi kimoja kimoja. Nilikaa nimegeuzia sikio barabarani, nikisubiri kusikia gari la ng'ombe. Ilipofika zamu ya kipengele cha saba, Mzee Kahangwa alivuta boksi la sabuni, akatoa pamba, na ndani ya pamba akatoa ng'ombe wa udongo anayeenea kwenye kiganja. Akasema kwa heshima ya Kihaya, kwa ile sauti yake ya chini: "Waitu, ng'ombe huyu hapa. Ni mmoja. Pembe mnaziona. Afya yake haina tatizo."

Nilitazama nyuso za wageni nikitafuta anayecheka. Sikumpata. Wazee wetu wakampitisha mkono kwa mkono. Mzee Rwegasira, ambaye macho yake hayaoni vizuri, alimpapasa mgongo akasema amenenepa. Jovita, mke wangu wa ndoa, alisema masikio ni kama ya ng'ombe wa baba yake. Watu wakapiga makofi. Niliomba orodha niisome tena, ndipo nikagundua kwamba sikuandika neno "hai". Miaka thelathini na moja nimejaza fomu za serikali, dada, na neno moja likanitoroka siku ya kumwoza mwanangu.

2. Kuhusu mwenendo wako siku hiyo. Nilipomgeuza ng'ombe niliona tumboni herufi E.K. na namba yako ya simu. Na wewe ulikuwa umekaa mkekani, kwenye nafasi ya shangazi wa bibi harusi, unatafuna kahawa na kutazama dari. Mtu hawezi kuketi upande wa bibi harusi na papo hapo akawa ndiye kiwanda cha upande wa bwana harusi. Kwenye semina za watumishi tuliambiwa huo ni mgongano wa maslahi.

3. Kuhusu matunzo. Nilimpokea kwa muda tu, kwa masharti, hadi aliye hai atakapofika. Nikamweka juu ya kabati la vyombo. Tangu siku hiyo sijapumzika. Watu wanatoka vitongoji vingine kuja kumjulia hali. Kamala, mwenyekiti wetu wa kitongoji, alipopita kuorodhesha mifugo alimwandika: ng'ombe mmoja, jike. Nilimwambia afute, akasema ameshaandika kwa wino. Bandani mwangu wanalala kuku.

4. Kuhusu pembe. Tarehe 9 Septemba Jovita alikuwa akifuta vumbi, pembe ya kushoto ikavunjika. Nakiri kwamba nilifurahi, maana niliona hapo ndipo pa kutokea. Nikamtuma mshenga Rubafu akaseme ng'ombe ana dosari, kwa hiyo aletwe mwingine, na safari hii awe anapumua. Mzee Kahangwa akajibu kwamba ng'ombe aliondoka kwao mzima, kwamba anatupa pole kwa yaliyotupata, na akauliza kama mgonjwa anakula. Ukoo wetu ukakaa kikao cha saa mbili kujadili kama tukio lile lilikuwa ajali au uzembe. Nilikuwa katibu. Muhtasari ninao, na Jovita bado hajausaini.

5. Kuhusu dume na ndama. Badala ya kunihurumia, wewe ulituma pembe mpya na gundi kwa basi, na ndani ya kifurushi hicho hicho ukaweka dume, eti ng'ombe asikae mpweke. Wiki tano baadaye ukatuma ndama. Dada, mimi ni bwana shamba. Ng'ombe hubeba mimba miezi tisa. Siwezi kufundishwa uzazi wa mifugo na mwalimu wa Kiswahili.

Lililo baya zaidi ni kwamba Mzee Kahangwa, aliposikia, alimtuma mshenga kuuliza kwa heshima zote kama sisi pia tuna utaratibu wa ndama wa kwanza kurudi kwa aliyetoa ng'ombe. Nimekataa katakata. Ng'ombe ni wangu, kabati ni langu, na ndama ameonekana kwa mara ya kwanza juu ya kabati langu. Niliandika hivyo kwenye karatasi nikaweka sahihi. Ndipo Jovita akaniuliza kama bado naukumbuka msimamo wangu wa mwanzo. Naukumbuka. Lakini ndama harudi.

6. Kuhusu jina langu. Naambiwa sasa vijana wa Muleba wanakuja kwako Nyanga kuagiza ng'ombe, na kwamba kuku umeacha kabisa kufinyanga. Jumapili iliyopita, baada ya Misa, akina baba watatu wenye mabinti walinizunguka nje ya kanisa. Walisema mimi ndiye niliyepokea wa kwanza, na kwamba sasa wakwe wao watarajiwa wanauliza ng'ombe anatakiwa wa rangi gani. Rwegasira, yule yule aliyesema amenenepa, ana mabinti wanne. Kwenye kutakiana amani alimpa mkono kila mtu kwenye benchi letu, akaniruka mimi. Na ni mimi niliyemfundisha kupogoa kahawa.

7. Kuhusu maneno yako. Jumatatu ya tarehe 3 mwezi huu nilipanda basi nikaja kwako kukusihi uache. Nilikuambia pia kwamba nisipomwona ng'ombe aliye hai, tarehe 27 Desemba sitasimama kanisani kumkabidhi Annastella kwa mtu. Hukuinua kichwa. Ulikuwa unamtoboa ng'ombe macho kwa kijiti. Ukaniambia kwamba aliyemwagiza yule wa Agosti hakuwa Kahangwa wala Derick. Alikuwa Annastella mwenyewe. Alikuja siku moja akitoka kazini, akakaa kwenye kigoda kile kile nilichokalia mimi, akakuomba ng'ombe mdogo, akampelekea Derick, na Derick ndiye aliyembembeleza baba yake akubali. Kisha ukaweka kijiti chini, ukasema:

"Avit, mimi nilikaa kwa yule mwanamume miaka sita zaidi kwa sababu ya ng'ombe. Huyu wa Annastella, siku akitakiwa kurudishwa, anamtia kwenye mkoba anaondoka naye."

Kwa faida ya wanaopata nakala: dada yangu aliolewa akiwa na miaka ishirini, na ng'ombe wa mahari yake alikufa kwa ugonjwa wa ndigana mwaka uliofuata. Marehemu baba hakuwa na mwingine wa kurudisha ili ndoa ivunjike. Kwa hiyo kila dada alipokimbilia nyumbani, alirudishwa kwa mumewe. Aliyemrudisha alikuwa mimi, kwa baiskeli ya baba, nikiwa na miaka kumi na saba. Nilimrudisha mara tatu. Mara ya tatu jicho lake moja lilikuwa limevimba hadi limefumba, na kwenye mlima alishuka mwenyewe ili nisichoke.

Hata hivyo, hoja hiyo haihusiani na mada ya barua hii, na nitaijibu kwa barua nyingine.

Kutokana na yote niliyoeleza, naomba yafuatayo. Uache mara moja kufinyanga ng'ombe jike. Wale ambao umeshawachoma, uwaandike tumboni, kwa herufi zinazosomeka na mtu asiyevaa miwani, "SI WA MAHARI". Uwaambie akina Kahangwa kwamba kipengele cha saba bado kinadaiwa, na kwamba kinapaswa kula majani. Dume unaweza kumchukua. Kuhusu ndama nimeshaeleza. Nisipopata majibu ndani ya siku kumi na nne nitalifikisha suala hili kwenye ukoo, ambako, kama unavyojua, mimi ndiye nitakayeipokea barua yangu, nitaisoma mbele ya kikao, na kuandika kwamba nimeisikiliza kwa makini.

Nisalimie Salma jirani yako, aliyenipa chai siku ile nilipotoka kwako bila kuaga. Nisalimie Alistidia na wanakwaya wenzake wote wanaonikumbuka. Annastella akipita hapo kabla hajaja huku, mwambie baba yake hana chuki na mtu. Jovita anakusalimu sana, na anasema ndama umemtendea haki, hasa miguu.

Ndimi mdogo wako, mwenye malalamiko na mwenye heshima,

Avit Karugendo

Nakala:
Mwenyekiti wa Ukoo.
Mzee Rutashobya, Mshenga.
Bi. Jovita, jikoni (kwa mkono).

N.B. 15 Novemba. Nilikuwa bado sijafunga bahasha, leo saa nne asubuhi, gari likapiga honi barabarani. Alikuwa Mzee Kahangwa mwenyewe, ametoka Rubafu kabla hakujapambazuka, na nyuma ya gari amesimama ng'ombe. Ng'ombe hai. Jike, kahawia, pembe zimetanuka hadi ilibidi tumpitishe upande upande kati ya migomba. Mzee alisema majirani zake wanamsema, kwamba hapati usingizi, kwamba amemtafuta ng'ombe huyu wiki tatu, nimpokee tuyamalize.

Annastella alikuwa amefika jana jioni. Alitoka akasimama mlangoni mwa jiko, karibu na mama yake. Hakumtazama ng'ombe. Alinitazama mimi.

Dada, nilikuwa nimeshashika kamba. Ilikuwa na joto la ng'ombe. Sijui ilikuwaje, nilijikuta nairudisha mkononi mwa Mzee Kahangwa na kumwambia: "Waitu, mahari ilikamilika Agosti. Huyu ni wako."

Alibisha, kama inavyompasa mtu mwenye heshima, hadi saa saba. Tukala naye. Alipoondoka nilimsindikiza ng'ombe mpaka barabarani. Alikuwa mzuri kweli. Annastella alitembea upande wangu wa pili, kisha akanishika mkono, jambo ambalo hajalifanya tangu darasa la nne.

Desemba nitasimama kanisani. Ile barua nyingine niliyokuahidi nimeianza mara mbili nikaichana, kwa hiyo nitakuja mwenyewe Jumatano. Sitakuja kukuambia uache.

Malalamiko namba 1 hadi 7 yabaki kama yalivyo, kwa kuwa nakala zimeshaondoka.