Ombi la Kuondolewa Kona ya Mkorosho

Msambweni,
9 Juni, 1965.

Kwa Bwana Mramba,
Katibu wa Chama cha Mashindano ya Motokaa,
Kinondo.

Bwana Katibu mpendwa,

Ama baada ya salamu, na kukuombea afya wewe na wanakamati wote, mimi ni Mwinyihaji Mwero, fundi wa motokaa hapa Msambweni, mwenye banda la makuti mkabala na soko. Nakuandikia kwa adabu, ingawa moyo hauna adabu hiyo kwa sasa.

Mwaka jana Mzungu mmoja mwenye shamba, alipokuwa akifunga mizigo kurudi kwao, alimwuzia Bwana Suleiman wa Gazi motokaa yake ndogo ya mbio. Ni nyekundu, haina paa, na mtu akiketi ndani yake huwa kama ameketi mkekani. Bwana Suleiman aliileta kwangu niitunze, nami nimeitunza kuliko ninavyojitunza. Barabarani haijapata kunisumbua. Huenda Lungalunga na kurudi ikiimba.

Taabu imeanzia katika kiwanja chenu. Jumapili ya tarehe 30 Mei, mzunguko wa nne, ilipokuwa inatoka katika ile kona ndefu ya mkorosho, injini ilianza kugonga kama mtu abishaye hodi akiwa na haraka. Bwana Suleiman aliiweka pembeni, akavua miwani ya vumbi, akaniuliza mbele ya watu, "Mwinyihaji, huyu anayegonga ni nani?"

Nikamjibu, "Ni beringi, bwana. Zimekauka."

"Zimekaukaje, na oili nimekuona ukiitia kwa mkono wako?"

Nilifungua boneti. Aliyejibu ni Kalama, fundi wa malori wa Ukunda, ambaye hakuulizwa. Alisema, kwa sauti ya kusikika hadi baharini, ya kuwa kona haina kosa lolote, kosa ni la fundi.

Beringi nyingine nimekwisha kuzitia. Lakini Bwana Suleiman amenipa mashindano ya Julai tu. Ikigonga tena, motokaa inahamia Ukunda kwa Kalama. Nami juu ya mlango wa banda langu nimekwisha kuandika, kwa rangi ya buluu, FUNDI WA MOTOKAA ZA MBIO, na toka hapa hadi Vanga motokaa ya mbio ni hiyo moja tu. Kwa hiyo nayaleta malalamiko yangu kwa namba, ili kamati isipate taabu.

1. Oili ya injini hukaa katika sampu, yaani lile karai la chuma lililo chini ya injini. Katika motokaa hii, bomba la kuinyonya oili limo upande wa kulia. Kiwanja chenu kina kona tano, na zote tano ni za kulia. Gari likikata kulia kwa kasi, oili hukimbilia kushoto, bomba likabaki linanyonya hewa, na beringi hazijapata kuishi kwa hewa. Haya sikuyasikia kwa mtu. Niliazima sufuria ya mke wangu, Mwanafatuma, nikaijaza uji, nikaipakata huku Bwana Suleiman akiizunguka kona ile mbio. Uji wote ulitoka kwa upande wa kushoto, ukampata mshika bendera wenu kifuani. Namwomba radhi. Lakini naomba pia aandikwe kuwa shahidi.

2. Kabla ya uji, katika mazoezi kiwanjani kwenu, nilikuwa nimejaribu kuongeza oili, painti tatu juu ya kipimo, nikidhani ikiwa nyingi haitakuwa na pa kukimbilia. Krenki shafti, ule mtaimbo unaozunguka ndani ya injini, iliipiga oili ile mpaka ikawa povu, na moshi ukaifunika meza ya waamuzi pamoja na chai yao. Mlinilaumu mimi. Kona hakuna aliyeilaumu.

3. Basi naomba kona ya mkorosho iondolewe. Mkorosho wenyewe ubaki, sina ugomvi nao.

4. Ikiwa haiwezekani, mzunguko mmoja uende kulia na unaofuata uende kushoto, ili oili ipate haki sawa pande zote mbili, kama inavyostahili katika nchi iliyojitawala. Mke wangu ameuliza itakuwaje walio katika mzunguko wa tatu watakapokutana uso kwa uso na walio katika wa nne. Nimemjibu kwamba watapigiana honi. Hakuridhika, lakini yeye si mwanakamati.

5. Ikiwa hilo nalo ni zito, watu wa Kinondo waitwe kwa moyo wa Harambee, wauinue kwa udongo ukingo wa kushoto wa kona, futi sita, mpaka gari lipite limelala ubavu kama mtu juu ya kitanda kilichovunjika mguu. Hapo oili itatulia. Najitolea majembe mawili na karai moja. Futi sita zikionekana kidogo, ziwe kumi.

6. Au kila gari likishatoka konani lisimame dakika mbili, oili irudi mahali pake. Madereva wanaweza kunywa madafu.

7. Nimeendelea kufikiri, Bwana Katibu, na kadiri ninavyofikiri ndivyo ninavyoona kwamba ubaya mkubwa umo katika kukimbia kwenyewe. Gari lililosimama halijapata kukausha beringi. Kwa hiyo napendekeza magari yapangwe mstari mmoja, injini ziwashwe, na waamuzi wapite polepole wakisoma geji za oili. Lenye kipimo cha juu kuliko yote lipewe kikombe. Watazamaji wataona vizuri kuliko sasa, vumbi halitakuwapo, na mshika bendera atakaa na nguo safi.

Naamini kamati italitazama ombi hili kwa jicho la huruma. Nisalimie Mwenyekiti, waamuzi wote, mshika bendera na watu wa nyumbani mwake, na yule mzee anayefungua lango. Bwana Kalama naye asalimiwe, ila kwa kipimo.

Ni mimi, nisiyependa ugomvi na mtu wala na kona isiyonianza,

Mwinyihaji Mwero,
Fundi wa Motokaa za Mbio.

Nyongeza, Jumamosi, 12 Juni:

Barua hii imekaa siku tatu ikingoja mtu wa kwenda posta, na mambo yamegeuka. Juzi mama mkwe wangu, Bi Tumu wa Munje, alikuja kututembelea. Nilikuwa nimelala chini ya motokaa, nimeifungua sampu, naiinamisha huku na huku nikiitazama oili inavyonitoroka. Mama akapita akitoka kisimani, ndoo kichwani imejaa hadi mdomoni, na juu ya maji ametandaza vitawi vya majani ili yasirukeruke. Aliizunguka motokaa nzima ili anione usoni, na halikumwagika tone.

Nilitoka upesi nikamwamkia. Akaitika marahaba, kisha akaniuliza, "Mwanangu, hayo mafuta mbona hujayatia kitu cha kuyatuliza?"

Nikasema, "Mama, injini haitiwi majani."

Akasema, "Sikusema majani. Nimesema kitu."

Alikwenda zake jikoni. Mimi nikakata bati, nikalilehemu ndani ya sampu kuzunguka lile bomba, kama kuta za chumba, na chini nikaacha vitundu vya oili kuingilia, ila isiweze kutoroka yote kwa mara moja. Leo asubuhi Bwana Suleiman amezunguka kiwanja chenu mara kumi na mbili, kona zote, na mshale wa geji haukutikisika. Aliposhuka alinishika mkono mbele ya mzee wa lango.

Kwa hiyo naomba kona ya mkorosho isiguswe hata kwa jembe. Ikiwa kamati ina nia ya kuongeza nyingine mbili za kulia kabla ya Julai, mimi naunga mkono.

Barua ningeichana, lakini stempu nimekwisha kuibandika. Naomba tu isisomwe kikaoni. Mama mkwe anataka kuja kuyaona mashindano, na ameniuliza ni nani aliyetaka kona iondolewe. Nimemwambia ni Kalama.