Ng'ombe wa Shemeji na Kiti cha Mwenza

Jumatatu, 9 Juni. Nyakato, Musoma.

Sijala tangu asubuhi. Shemeji yangu Revocatus, kaka wa mke wangu, mfugaji wa Nyamuswa, ametangaza kugombea Urais kwa tiketi ya chama chetu cha Mshikamano Halisi. (Zamani tulikuwa Mshikamano tu. Tukagombana.) Na amenichagua mimi, Baltazari, katibu mwenezi wa mkoa, niwe meneja wake wa kampeni. Nilimshukuru kwa machozi. Machozi ya kweli kabisa, maana huyu mtu ananimaliza.

Nimepiga hesabu mara tatu. Katiba iko wazi: Rais akitoka upande mmoja wa Muungano, mgombea mwenza anatoka upande wa pili. Shemeji akipitishwa na chama, mwenza atatoka Zanzibar, mimi nabaki hapa kuuza spoku za baiskeli. Lakini akipita mpinzani wake, Mzee Faki wa Pemba, mwenza lazima atoke Bara. Na Bara yupo nani? Mimi! Mgombea mwenza. Halafu Makamu wa Rais. Ving'ora. Watu wa Nyakato wamesimama pembeni ya barabara.

Kwa hiyo mpango ni mmoja. Nimsimamie shemeji kampeni kwa nguvu zote, na ashindwe.

Nilimweleza Getruda hesabu, isipokuwa nusu ya mwisho. Alikuwa anachambua dagaa. Aliuliza tu kwamba kaka yake akishindwa, kwani ndiyo hatapewa cheo kingine? Mke wangu haelewi mambo ya Katiba. Nimepeleka kitambaa kwa fundi Bernado anishonee suti. Rangi ya ugoro. Ya kuapishwa.

Jumanne, 10 Juni. Musoma.

Mzee Faki amefika. Mpole, mfupi, makubadhi miguuni, anaongea kama anabembeleza mtoto. Nilimpelekea sato wawili wakubwa, kwa siri, nimewafunika na gazeti. Nikamkuta Boniphace, mwenyekiti wetu wa mkoa, ameshatangulia na sangara wa kubebwa na watu wawili. Wamekaa kibarazani. Boniphace anachekea kila neno la mzee, hata mzee alipouliza choo kiko wapi.

Boniphace naye ni mtu wa Bara! Hilo sikuwa nimelifikiria. Bara kuna watu wengi mno.

Nikamnong'oneza Mzee Faki kwamba Boniphace ana presha mbaya sana, hafai safari ndefu. Mzee akasikitika. Akamwita, akampa karafuu za kutafuna, akamshika mkono muda mrefu. Sasa ni marafiki. Sato wangu wameliwa na mlinzi wa gesti.

Alhamisi, 12 Juni. Butiama.

Siku ya Umoja. Niliiandaa mimi. Wagombea wote wawili tumewaleta Mwitongo waweke shada kaburini kwa Mwalimu, kama wanavyofanyaga watu wa vyama vyote, hata waliotukanana njiani. Mpango wa picha: shemeji ashike shada kushoto, Mzee Faki kulia, mimi katikati, Taifa linione. Boniphace akajipenyeza dakika ya mwisho. Kwenye picha linaonekana sikio langu. La kushoto.

Lakini si hilo linaloninyima usingizi. Shemeji anapendwa! Hana sera hata moja. Anaongea habari za ng'ombe wake na bei ya pamba, basi, na mpaka wajumbe wa Lindi wanaitikia kwa vichwa. Nimehesabu kura kichwani nikiwa nyuma ya gari. Anapita.

Jioni neema ikashuka. Boniphace alitusomea kanuni za Mkutano Mkuu, utakaofanyika Jumamosi mjini Bunda. (Ukumbi wa Dodoma ulitushinda bei.) Kanuni ya nne: mgombea asiyekuwemo ukumbini jina lake linapoitwa, amejitoa mwenyewe.

Ni kitu gani kitamtoa Revocatus ukumbini? Ugonjwa hapana, aliwahi kucheza harusi nzima na malaria. Mvua hapana. Kuna kitu kimoja tu. Ng'ombe.

Ijumaa, 13 Juni. Nyamuswa.

Nimekuja kwa bodaboda, nimekula vumbi la kutosha. Nimeongea na Mhoja, mchunga ng'ombe wa shemeji, mtu mzima, mtaratibu, haulizi maswali mengi. Nikamwambia kesho kabla ya jua awachukue ng'ombe sita walio bora, awapeleke bonde la nyuma ya vilima kwenye majani mabichi, asirudi mpaka giza liingie, na asimwambie mtu. Nimemwahidi kuwa nikishakuwa mkubwa atakuwa msimamizi wa mifugo wa Ikulu. Aliuliza kama Ikulu kuna ng'ombe. Nikasema watakuwepo.

Ni kitu kidogo. Hakuna anayeumia. Ng'ombe wanashiba, shemeji anakosa kikao, mimi napata nchi. Lakini moyo unaenda mbio, sijui kwa nini. Getruda amenipigia simu akauliza niko wapi. Nikasema niko kwenye maombi ya umoja wa chama. Akakata.

Jumamosi, 14 Juni. Bunda, na porini.

Naandika na mkono wenye miiba.

Ukumbi ulijaa. Suti ya ugoro ilinikaa, ila mkono mmoja mrefu. Boniphace alipoanza kusoma ratiba, nikatoka nje, nikasimama karibu na choo muda wa mtu kupokea simu, nikarudi. Nikamnong'oneza shemeji: wamenipigia kutoka nyumbani kwako, Mhoja haonekani, ng'ombe sita hawapo. Nilitegemea anyanyuke polepole, apite mlango wa nyuma. Ndivyo mstaarabu anavyofanya.

Revocatus alipanda juu ya kiti akapiga yowe.

Jamani, nimekaa mjini sana. Nilisahau! Huku kwetu yowe la ng'ombe likipigwa, kila mwanamume aliyelisikia anatoka. Haulizi ni ng'ombe wa nani. Asiyetoka ndiye anayeshukiwa. Nusu ya Mkutano Mkuu ilisimama palepale. Wajumbe wa Bunda, wa Butiama, wa Tarime, wote mlangoni. Muuza mihogo wa nje akaacha mihogo kwenye mafuta. Mpiga picha akaacha kamera. Walibaki wajumbe wa Lindi, Dar es Salaam na Pemba wameduwaa, na mimi. Nikajipa moyo. Sasa Boniphace aite majina, shemeji hayupo, yamekwisha. Nikageukia meza kuu. Tupu! Mwenyekiti wa kikao alikuwa anakimbia barabarani na kipaza sauti mkononi.

Mzee Faki aliniuliza ile ni sauti ya nini. Nikamwambia ni mambo ya kimila tu, hayamhusu, akae. Akachukua kofia yake.

“Basi twendeni,” alisema. “Mwenzetu kaibiwa.”

Tukapakiwa kwenye lori la pamba. Nyamuswa wazee wakainama kusoma nyayo, wakaonyesha vilimani. Mimi nikashauri kwa sauti kubwa tuelekee upande wa pili kabisa. Nikaambiwa ninyamaze, muuza spoku anajua nini kuhusu nyayo. Miiba ikachana suti gotini, kwapani, na mahali pengine. Kubadhi la Mzee Faki likakatika. Nikafurahi, nikajua sasa atarudi. Shemeji akavua akala zake za tairi, akapiga goti, akamvalisha mzee mwenyewe, akaendelea peku. Tangu hapo wakawa wanatembea bega kwa bega, wanaongea chini chini. Nilikimbia niwakaribie nisikie. Nilisikia “pamba”. Baadaye nikasikia “karafuu”. Wakacheka.

Tukamkuta Mhoja kwenye bonde lilelile nililomchagulia. Amelala. Ng'ombe sita wanamlinda. Wanaume zaidi ya mia wakamzunguka na fimbo juu, na sote tunajua mwizi wa ng'ombe anafanywaga nini huku. Yule mtu hakuwa na kosa lolote. Mimi peke yangu ndiye niliyejua hivyo. Nikafungua mdomo niseme. Kikatoka kikohozi. Mhoja akafumbua macho, akatazama zile fimbo, akanyoosha kidole mpaka kwenye tai yangu.

“Huyo shemeji ndiye amenituma,” alisema.

Ungesikia kupe akitembea. Nikaanza kukumbuka sala. Ya kwanza iliyonijia ni ya kubariki chakula.

Halafu shemeji akaanza kucheka. Akacheka mpaka akashika magoti. Akawatangazia wote kwamba kumbe nimewapima! Kwamba chama kilikuwa kinakaribia kupasuka tena, na Baltazari, kwa akili zake nyingi, akatafuta njia ya kujua nani ana moyo wa kumfuata mwenzake porini. Fimbo zikashuka. Watu wakanipiga mgongoni. Mzee Faki akanishika mkono akaniita mtu wa hekima. Nikasema ndiyo. Ningesema nini? Nikasema ndiyo, nilikuwa nawapima.

Mhoja peke yake hakucheka.

Jumapili, 15 Juni. Bunda, na nyumbani.

Mkutano umerudi baada ya misa. Jina la shemeji likaitwa. Alikuwepo, miguu imefungwa bandeji. Akasimama akasema maneno machache.

“Mtu aliyefuata ng'ombe zangu porini bila kuombwa, mimi siwezi kumpinga. Najitoa. Kura zangu zote mpeni Mzee Faki.”

Vigelegele! Nilipiga makofi mpaka viganja vikawasha. Imewezekana! Si kwa njia niliyoipanga, lakini imewezekana. Mzee Faki amepita. Nikafunga kifungo cha koti, kile kimoja kilichobaki.

Mzee akapanda jukwaani kumtaja mwenza. Akasema kwa ajili ya umoja anamtaka mtu wa Mara. Nikasimama. Akasema mtu aliyetembea naye jana. Nilitembea naye! Akasema mtu mwenye moyo, aliyemwondolea mashaka yote. Nikaanza kusogea kuelekea jukwaani. Akasema mtu aliyemvalisha viatu vyake mwenyewe.

Nikakaa. Nilikaa kwenye mapaja ya mjumbe wa Lindi.

Revocatus! Mgombea mwenza! Hivi aliyeshindwa naye anaruhusiwa? Nimeisoma Katiba tena, haikatazi. Mbona hakuna mtu aliyenitahadharisha?

Nyumbani Getruda alinipakulia ugali, akakaa mbele yangu, hakula.

“Baba Prudence, ng'ombe hawajifichi,” alisema. “Kaka yangu ana moyo mweupe tangu utotoni. Mimi sina. Mhoja angekufa jana.”

Nikamwambia nilikuwa nawapima. Akasema nile ugali. Nimeula wote.

Jumatatu, 30 Juni. Nyamuswa.

Shemeji yuko kwenye kampeni. Leo Kigoma, kesho Tabora, wiki ijayo Pemba. Aliuliza nani atabaki na ng'ombe. Getruda akasema, mbele ya ukoo mzima, kwamba anayejua mabonde yote ya kuficha ng'ombe ndiye atakayejua kuwalinda. Wote wakaona ni busara. Kwa hiyo niko hapa. Nachunga nimevaa suti ya ugoro, fundi Bernado hakubali kuipokea tena. Mhoja yuko kwenye msafara, ni mlinzi wa mgombea mwenza. Jana alinipigia kutoka kwenye gari lenye kiyoyozi kuuliza kama yule ng'ombe mwekundu ameshazaa. Nilikuwa sijamwangalia. Akanigombeza.

Nimekaa nikatafakari sana juu ya yaliyotokea. Kwa kweli nimejifunza. Niliangalia mbali mno. Urais, umwenza, hayo ni mambo makubwa. Nilipaswa kuanzia chini, kwenye ubunge wa Musoma Mjini.

Kura za maoni ni Jumamosi. Anayeongoza ni Boniphace. Kanuni ya nne ipo palepale: asiyekuwemo ukumbini amejitoa. Na Boniphace hana ng'ombe hata mmoja.

Ana mbuzi wanne, nyuma ya nyumba. Mbuzi hawapigiwi yowe. Nina hakika kabisa.