Bendera ya Hospitali Isiyochoka

Kuanzia Jumatatu saa moja asubuhi, uchovu wa watumishi utapimwa rasmi. Mtumishi atakayechoka kabla ya hapo atakuwa amechoka kwa hiari yake.

Tangazo hilo alilisoma Mkurugenzi Khiem mwenyewe, kwenye ukumbi wa hospitali ya wilaya, huko delta ya Mekong. Watumishi arobaini walimsikiliza wakiwa wamesimama, kwa sababu viti viliwekwa kwa ajili ya wageni, na wageni hawakuja.

Mkoa ulikuwa umeleta fomu yenye maswali ishirini. Kila swali hujibiwa kwa alama: sifuri maana yake "hainitokei kamwe," sita maana yake "kila siku." Hospitali yenye alama chache kuliko zote ingepewa bendera nyekundu ya mashindano. Mwaka uliopita walishinda bendera ya kunawa mikono, na walistahili. Mabomba yalikauka miezi minne, na kwa miezi minne hakuna mtumishi hata mmoja aliyeonekana akinawa vibaya.

"Lengo letu ni sifuri," alisema Mkurugenzi. "Sitaki kusikia moja. Moja ni uasi."

Muuguzi Duyen, binti wa miaka ishirini na mitatu, alikuwa amesinzia wima kama farasi. Bi Thoa, muuguzi mkuu, akamfinya.

"Mwanangu, unakoroma kwenye hotuba ya uchovu."

"Sikoromi, dada. Naunga mkono."

Bi Thoa hakucheka. Yeye alikuwa na shida moja tu duniani: ruhusa ya Alhamisi ya wiki ya pili ya upimaji. Siku hiyo ukoo ulikuwa unamkumbuka marehemu mama yake, na miaka mitatu mfululizo Thoa hakutokea, kwa sababu hospitali haikuwa na mtu wa kumshikia zamu. Samaki wa chungu, chakula cha kumtolea marehemu, alipikwa na kaka yake. Sasa huyo kaka, mama alipokuwa hai, alikuwa akipika samaki, mama anakwenda kula kwa jirani. Miaka mitatu mama wa watu anawekewa madhabahuni chakula alichokuwa akikikimbia! Thoa alijua fika kwamba huko aliko amenuna.

"Mwaka huu usipokuja," kaka alimwambia kwenye simu, "nitamwambia mama umeolewa na hospitali."

"Mwambie. Na wewe usitie sukari nyingi kwenye samaki."

"Njoo utie mwenyewe!"

Basi fomu zikajazwa. Hapo hospitalini fomu hajazi mwenye jina, maana mwenye jina huleta mawazo yake, na mawazo ya watu arobaini hayalingani. Hujaza muuguzi mkuu, kwa mwandiko mmoja mzuri, ndipo takwimu zinapendeza. Thoa akaandika sifuri mia nane. Kufikia fomu ya thelathini vidole vilikuwa vimekufa ganzi, akaendelea kuandika kwamba ganzi haimtokei kamwe. Ya arobaini ilikuwa yake mwenyewe. Akazibeba zote mpaka ofisini kwa Mkurugenzi, na juu yake akaweka barua ya kuomba likizo.

Mkurugenzi Khiem alikuwa ametoka kuamka. Watu wengine hulala mchana kwa muda wa saa moja. Yeye, kwa uzito wa cheo, hulala tatu. Akaitazama barua huku akipasua mbegu za tikiti kwa meno.

"Likizo ya nini?"

"Kumbukumbu ya mama, bosi. Siku tatu tu."

"Likizo ni ya waliochoka, dada Thoa. Wewe umechoka?"

Mkurugenzi akachomoa fomu ya Thoa kwenye rundo.

"Sifuri, sifuri, sifuri. Mwandiko si wako huu? Sasa mtu mzima kama wewe, mchangamfu hivi, nikupumzishe kwa kosa gani?" Akaisukuma barua pembeni, karibu na maganda ya mbegu. "Bendera ikija, nitakufikiria."

Thoa akakusanya fomu zake. Akafika mlangoni, akageuka.

"Bosi, imebaki yako."

"Jaza."

"Niweke sifuri?"

Mkurugenzi akaacha kutafuna. "Sifuri mimi? Unataka mkoa udhani sina kazi? Mzigo wote wa hapa anaubeba nani? Soma, nikujibu."

Thoa akaketi, polepole, akanoa penseli.

"Asubuhi ukifikiria kazi, unajisikia hoi?"

"Nikiwafikiria nyinyi wavivu? Kila siku!"

Sita.

"Unawaona wagonjwa kama vitu tu?"

"Mgonjwa ni kitanda. Kitanda namba nne, kitanda namba tisa. Huo ndio mpangilio. Kila siku."

Sita.

"Yanayowapata wagonjwa yamekoma kukugusa?"

"Yaniguse kwa nini, mimi ni kiongozi. Andika."

"Unahisi kwamba hakuna jambo la maana ulilofanya hapa?"

"Mambo ya maana mnafanya nyinyi, mimi nasimamia. Weka ile kubwa."

Sita, na hivyohivyo mpaka swali la ishirini.

"Bosi, nikusomee na kifungu cha tisa cha kanuni, huku nyuma ya fomu?"

"Kifungu cha tisa nimekitia sahihi mwenyewe."

"Umekisoma?"

"Nimekwambia nimekitia sahihi! Lete na hiyo."

Akatia sahihi, akagonga mhuri mwekundu, pwaa!

Jumanne ya wiki iliyofuata gari la mkoa likaingia na maofisa wawili na bendera. Fomu arobaini za sifuri tupu, mkoa mzima haujapata kuona. Na fomu moja ya alama mia moja na ishirini kati ya mia moja na ishirini. Hiyo nayo mkoa haukuwa umepata kuiona. Ofisa mwenye miwani akasoma kifungu cha tisa kwa sauti ya msibani: mtumishi atakayezidi alama themanini atavuliwa majukumu siku hiyohiyo, atakabidhi mhuri, na atakaa Chumba cha Utulivu mpaka muuguzi mkuu athibitishe sifuri, Jumatatu tatu mfululizo.

"Mimi sijachoka!" Mkurugenzi akapiga meza.

"Hasira," ofisa akamwambia mwenzake. "Andika."

Mhuri akapewa naibu, Bi Nhan wa famasi, aliyegonga kila karatasi iliyokuwa mezani ili aione meza ilivyo. Mojawapo ilikuwa barua yenye maganda ya mbegu za tikiti.

Chumba cha Utulivu kilikuwa stoo ya vitanda vibovu. Mkurugenzi mwenyewe ndiye aliyeagiza kiwekewe kanda ya sauti za ndege, na tangu kifunguliwe hakuna mtumishi aliyepata nafasi ya kuingia humo.

Jumatatu saa mbili asubuhi Duyen, muuguzi wa zamu, akasikia mlango unagongwa.

"Binti! Leo Jumatatu. Mwite Thoa anipime."

Duyen akachungulia kwenye daftari lake.

"Kitanda namba moja, tulia. Muuguzi mkuu ameongeza siku za likizo. Kaka yake anasema mama alitaka samaki wa pili."