Mlango wa Choo na Wimbo Wenye Ujumbe

Jumatatu, 4 Machi
Kikao cha bendi. Kiongozi kasema dansi la siku hizi ni miguu bila kichwa, na sisi tulipata jina kwa nyimbo zenye ujumbe. Anataka wimbo mpya kabla ya Jumamosi. Nikadakia kwamba ninao. Sina! Lakini mpiga solo, tunayemwita Kidole, alikuwa ameshafungua mdomo. Mwaka jana wimbo wake wa zahanati isiyo na dawa uliliza ukumbi mzima. Mimi nimeitikia nyimbo za watu miaka kumi na moja. Kiongozi akasema nisipouleta nitabaki na kayamba. Kidole akacheka. Nimemwekea kinyongo.

Jumanne, 5 Machi
Asubuhi nzima kitandani, natafuta maovu ya jamii. Rushwa: imeshaimbwa. Ulevi: umeimbwa, tena na walevi. Mama watoto alipita mara tatu na ndoo ya maji, akaniuliza naumwa wapi. Nikamwambia natunga. Akasema pole.

Mchana, bahati! Mke wangu ni fundi cherehani, anashonea chumba cha mbele. Kati yetu ni pazia tu. Muuguzi mmoja alikuja kupimwa sare, wakaanza kumsema mwanamume fulani. Nikashika kalamu. Mlango wa choo umeng'oka tangu mwaka juzi, watu wanaoga wakiimba ili wasiingiliwe. Mtoto akishikwa na homa, mama peke yake kwenye foleni. Baba akiulizwa, yuko mazoezini. Mazoezini! Bila shaka ni yule golikipa wa mtaa wa pili. Maskini mkewe. Nimejaza kurasa nne.

Alhamisi, 7 Machi
Nimeoga nikiimba kwa nguvu, kama kawaida. Kisha mazoezi. Nimewaimbia kiitikio:

Mlango wa choo umelala chini,
Baba wa nyumba yuko mazoezini.

Mpiga besi alicheka mpaka akakalia ngoma. Kiongozi akafuta machozi, akasema si kila mwanamume ana ujasiri wa kuimba haya. Nikakubali. Golikipa ana mikono kama makasia. Kidole akanivuta pembeni, akaniuliza kama shemeji yake ameusikia. Nikamjibu nitamshtukiza. "Kaka, mwonyeshe kwanza," akasema. Wivu mtupu.

Jumamosi, 9 Machi
Dansi la mchana, ukumbi wa wafanyakazi. Umejaa hadi madirishani. Mama watoto meza ya mbele na muuguzi wake, kavaa gauni alilojishonea. Nikatangaza kwamba wimbo ni zawadi kwa wanawake wote wanaovumilia. Ubeti wa kwanza, vigelegele! Golikipa naye yumo, anacheza na mkewe. Hana haya!

Ubeti wa homa, nikamtafuta mke wangu kwa macho. Hachezi. Anatazama mikono yake. Muuguzi kasimama, kaninyooshea kidole. Meza ya pili ikafuata. Na ya tatu. Hata golikipa.

Hapo ndipo nikaelewa. Mdomo uliendelea wenyewe, sebene lilishaingia.

Mama watoto akapanda jukwaani. Nikajiandaa kwa kofi. Akachukua kipaza sauti tu, akatia ubeti wake:

Wimbo huu nimeusema mimi, kwa kinywa changu,
Aliyenisikiliza nyuma ya pazia hakunisikia.

Ukumbi mzima ukainuka. Halafu wakaserebuka kama sakafu ina moto. Nami nikaitikia. Kazi ni kazi.

Jumapili, 10 Machi
Mama watoto kanisemesha mara moja tu leo. "Ulisikia kila neno, baba watoto. Ukaliandika, ukalitafutia vina. Na bado hukujua ni mimi." Nikamwambia vina vilinisumbua sana. Akarudi kwenye cherehani.

Mchana Kidole kabisha hodi na bawaba mpya na bisibisi. Eti wimbo umemgusa. Katengeneza mlango wa choo huku mke wangu akimwelekeza. Kunijia na bisibisi nyumbani kwangu! Nilimshikia skrubu, nyingine nikaziangusha makusudi. Akaziokota.

Jumatano, 13 Machi
Kiongozi kaamua: wimbo ni wa fundi cherehani. Ijumaa redioni ataimba yeye. Mimi kayamba.

Nimelitafakari jambo hili kwa kina, na kosa langu nimeliona. Ni mada! Nilichagua mada yenye ndugu zangu ndani yake. Sasa natunga kuhusu usalama barabarani. Huko sina ndugu.

Leo nilikwenda njia panda kuisoma hali. Ubeti wa kwanza ulinijia vizuri sana, nikasimama hapohapo kuuandika. Mwenye baiskeli ya mayai akanikwepa, akaishia mtaroni, trei nne zote. Akaniuliza kama mimi ni kipofu, kiziwi, au vyote viwili, na ni mwehu gani anayesimama kuandika katikati ya barabara.

Maneno mazito. Nikamwomba ayarudie, polepole kidogo.